Mtafiti Kijana Asikabidhiwe Shamba Bila Jembe

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Mbeya hupita Mbozi, wilaya ya Mkoa wa Songwe isifikayo kwa kahawa. Huko Mbimba pana kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania. Aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani ni matunda ya utafiti wa namna hiyo, nao hauna haraka: mche hukaa takriban miaka 3 kabla ya kuzaa, na uteuzi wa mbegu hupita vizazi kadhaa.

Sasa tumfikirie mwanasayansi kijana aanzaye kuongoza kikundi chake. Akipewa fedha za mwaka 1, atapanda asichokivuna. Akikosa fundi wa maabara, uongozi wake ni jina tu. Akikosa mkongwe wa kumshauri, atarudia makosa ya waliomtangulia.

Kwa hiyo yafaa fedha za kuanzia zidumu walau miaka 5, ziandamane na msaidizi na mshauri. Mwanafunzi apimaye miche shuleni leo ndiye kiongozi wa utafiti wa kesho. Je, atalikuta jembe?