Léopards: umoja wa timu unasaidia kufunga mabao?

Kila mara Léopards wanapocheza, huku Karuba mabishano hayakosi: mchezaji anafanya vizuri juu ya kipaji chake, ao juu ya kusikilizana na wenzake? Tuangalie mifano mbili.

Mwezi wa tatu 1974, Léopards walibeba kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba peke yake alifunga mabao 9. Miezi mitatu kisha, wengi wa wachezaji wale wale walienda Kombe la Dunia Ujerumani. Mechi ya kwanza Scotland iliwafunga 2-0, lakini walijitetea vizuri. Kisha wakasikia kwamba pesa yao ya primu haitawafikia. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba walitaka hata kukataa kucheza. Tarehe 18 mwezi wa sita, Yugoslavia iliwapiga 9-0. Ni kweli, Yugoslavia ilikuwa timu kali, na Ndaye alipewa kadi nyekundu. Lakini kipaji hakipotei kwa siku ine. Kilichopotea ni imani.

Wengine watasema: timu ikishinda, ndipo wachezaji wanapendana. CAN ya Côte d'Ivoire, mwaka 2024, inaonyesha ingine. Kwenye kundi, Léopards walitoka sare mechi zote 3, na Zambia, Morocco na Tanzania. Hakuna ushindi hata mumoja, na bado walibaki pamoja. Tarehe 28 Januari wakaondoa Misri kwa penalti 8-7, golikipa Lionel Mpasi ndiye alifunga ya mwisho. Kisha Guinea, 3-1.

Tarehe 7 Februari, mbele ya nusu fainali, wimbo wa taifa ulipoimbwa, walifunika midomo kwa mkono na kuelekeza vidole kichwani kama bunduki. Walikuwa wanasema juu yetu sisi wa mashariki, mwezi ule watu walikuwa wanakimbia Sake. Hata hivyo, Côte d'Ivoire iliwafunga 1-0. Basi umoja hauleti kombe wenyewe. Unaruhusu kipaji kitoke, hata siku mambo yanakataa.

Kwa makocha wa vijana huku Masisi, somo liko wazi: usichague wachezaji kwa kabila, na usifiche pesa ya timu, hata iwe ya maji tu. Kijana asiyemwamini mwenzake hatampa pasi.