Nyota tano, chumba cha jenereta

Wadau, hivi hoteli zetu za nyota tano zinamwona nani mgeni? Juzi nimefika mapokezi, katikati ya Dar, saa nane mchana kama walivyoniandikia. Nimekaa mpaka saa kumi. Wazungu waliokuja nyuma yangu wanapewa funguo, mie napewa juisi. Nililipia chumba kinachotazama bahari... nikapewa kinachotazama jenereta! Kuhama, eti niongeze dola 40. Dola? Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kupanga bei za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Nikagoma, nikaita meneja, na chumba cha bahari kikapatikana ndani ya dakika 5. Kumbe kilikuwepo! Tusinyamaze jamani. Ulicholipia, kidai palepale mapokezi, kabla begi halijapanda lifti.