Tueleze Kama Watu, Si Kama Umati

Wasee, leo tuongee Roosevelt. Machi 1933, Marekani imesota. Watu wamepanga laini kutoa pesa, benki zimefungwa nchi nzima. Rais ana siku nane tu ofisini. Jumapili usiku, tarehe 12, anaingia redioni na kueleza pole pole: pesa yako haikai yote kwa sefu, benki huikopesha wengine, ndiyo maana wote mkiikujia siku moja haitoshi. Kesho yake benki zikaanza kufunguliwa. Watu wakapanga laini tena, safari hii wakirudisha pesa.

Usiniambie ni ulimi mtamu tu. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya benki siku tatu kabla. Maneno yalikuwa na kitu nyuma yake. Na Februari 1942, vita vikienda vibaya, aliambia watu washike ramani wakimsikiza, na hasara hakuificha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Barua ya karo ilijaa maneno makubwa, na hakuna mtu alinieleza. Hata wangenieleza singekuwa na pesa, lakini singejilaumu mwaka mzima.

Kwa hivyo mkubwa, usiniite kiongozi wa kesho. Niambie pesa imeenda wapi leo.