Nani Kasema Kadi ya Mchango ni Aibu?

Kuna simulizi ambayo wabunifu wetu wanaisema siku hizi kama sala ya asubuhi. Nilianzia steshenari, nikitengeneza kadi za mchango, kalenda na mabango. Maisha yakawa duni. Kisha nikajifunza Figma, nikaona mwanga, na leo mimi ni mbunifu wa bidhaa za kidijitali. Makofi tafadhali.

Mimi huwa nasonya. Sisonyi kwa kuwa wamehama, hela iko huko na kila mtu ana kodi ya kulipa. Nasonya kwa sababu simulizi hiyo inaitupa kazi ya chapa jalalani kama kosa la ujana, na gharama ya kuitupa tunailipa sisi tunaosoma Kiswahili kwenye simu.

Chukua jina la mtu. Huku Tabora, na kote Unyamwezini na Usukumani, majina yenye ng' ni ya kawaida kama miembe. Nilikaa na mzee mmoja pale mjini akijaribu kujisajili kwenye huduma fulani ya simu, ambayo sitaitaja. Fomu ikakataa jina lake: eti tumia herufi tu. Akaondoa ritifaa. Ikakubali, halafu hatua ya pili ikamkatalia kwa sababu jina halilingani na kitambulisho. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeitengeneza.

Sasa nenda Kipalapala, nje kidogo ya mji, kwenye kiwanda cha chapa cha wamisionari, TMP, kilichotoa vitabu vya Kiswahili ambavyo wengi wetu tumevikuta kwenye makabati ya wazazi. Fundi wa kupanga herufi za risasi hakuwa na nafasi ya kujiuliza kama ng' inaruhusiwa. Ilikuwa imeandikwa mbele yake, basi mkono ulikwenda kwenye kisanduku ukachukua ritifaa. Sijawahi kusikia gazeti likimwambia marehemu kwenye tanzia kwamba jina lake si sahihi.

Twende kwenye sarufi, maana hapo ndo aibu ilipo. Programu nyingi zinatungwa kwa Kiingereza, kisha mwishoni kabisa mtu anatumiwa orodha ya maneno atafsiri. Sentensi moja inaachwa na pengo, nomino yoyote inachomekwa. Matokeo yake tunasoma "Kitabu imefutwa", "Ujumbe imefutwa", "Vitabu 5 imehifadhiwa". Ni picha tu inayonusurika, kwa bahati ya ngeli yake! Mtoto wa darasa la tatu akiandika hivyo anawekewa mkasi, lakini kampuni ikiandika hivyo tunaambiwa ni teknolojia, tuwe wavumilivu.

Na vitufe je? Kitufe kilipimwa kwa neno la Kiingereza la herufi nne. Kiswahili kikaleta "Wasilisha", herufi tisa, likakatwa likabaki "Wasili…", kana kwamba tunaalikwa kufika mahali. Msanifu kurasa yeyote aliyewahi kubanana na kichwa cha habari kwenye safu nyembamba anajua kwamba maneno yetu ni marefu, kwamba kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa. Anapima nafasi kwa lugha atakayoichapa. Hilo hulijui kwa kusoma Figma, unalijua kwa kuaibika mbele ya mhariri saa nne usiku.

Wenye njia ya misafara waliuelewa ukweli huu kwa mfuko wao. Burton alipofika Kaze mwaka 1857 aliandika kwa kirefu kuhusu shanga: aina, rangi, majina, na wapi zinapokelewa. Samisami nyekundu ilitafutwa mahali pengi, lakini mfanyabiashara aliyepakia shanga zisizopendwa huko aendako alikuwa amewabebesha wapagazi takataka kutoka pwani. Aliuliza kwanza, akapakia baadaye. Leo tunapakia kwanza, tunatafsiri baadaye.

Sitaki kuipamba chapa. Kosa likishachapwa limechapwa, nakala zote zinalo. Vitabu vilichelewa, na vingine vilipendeza kama mfuko wa saruji. Uwezo wa kurekebisha jambo leo jioni na watu wote wakaliona kesho asubuhi ni neema, nisiwe mnafiki.

Lakini nina rafiki, dada mmoja tuliyefanya naye kazi gazetini, yeye kwenye kurasa, mimi kwenye habari. Alihamia kampuni inayotengeneza programu ya malipo. Wiki ya kwanza aliomba ujumbe wote wa programu uchapwe kwenye karatasi, akaanza kuusoma kwa sauti, kalamu nyekundu mkononi. Akaambiwa hiyo si kazi ya mbunifu. Ya nani basi? Wale waliomcheka walikuwa wanabishana juu ya mviringo wa pembe za kitufe kilichoandikwa "Ghairi", neno ambalo bibi yangu wa Urambo angedhani ni jina la mtu.

Na hiyo kadi ya mchango wanayoionea haya? Itazame vizuri. Kipande kimoja cha karatasi, siku hizi picha ya WhatsApp, kinapaswa kutaja familia mbili bila kumkosea mtu heshima, tarehe, mwenyekiti wa kamati, namba ya kutuma pesa na jina litakalotokea ukituma, na kimfanye mtu mwenye madeni yake atoe hela kwa hiari. Ukikosea mpangilio wa majina ya wazee, utapigiwa simu. Kama hiyo si bidhaa, bidhaa ni nini jamani?

Sisi wapenda fasihi nasi tumo. Tunaweza kubishana mwezi mzima juu ya jalada la riwaya, ila maneno ambayo Watanzania wanayasoma mara nyingi zaidi kwa siku, yale ya kwenye menyu ya simu, hatujayahakiki hata mara moja. Hayana mwandishi, hayana mhariri, hayana hata mtu wa kulaumiwa kwenye ukurasa wa pili.

Yule dada ameshafuta miaka yake ya gazetini na kadi zake kwenye wasifu wa kazi. Alishauriwa zinamzeesha. Nimemwambia azirudishe, ziwe juu kabisa, na anayemhoji amuulize kwanza jinsi ya kukata neno "watakapowasilishiwa" mwisho wa mstari.