HESABU NDOGO YA UMEME KWA MAMA WA NYUMBANI



Tangu nyaya za umeme na paneli za sola zilipoanza kuingia majumbani mwetu huku vijijini, akina mama huniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mbona uniti za LUKU zinakwisha upesi hivi?" La pili: "Umeme wa nyumbani unaua kweli, au unashtua tu?" Maswali yote mawili hujibiwa kwa kugawanya na kuzidisha, kazi ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Volti, ampia na omu

Wengi wetu tumewahi kuuguza mtu aliyewekewa dripu. Chupa ikitundikwa juu zaidi, maji hushuka kwa nguvu zaidi. Sindano ikiwa nyembamba, maji hupita kwa shida. Umeme nao ni hivyo hivyo. Volti ni kama kimo cha chupa, yaani msukumo. Ampia ni wingi wa umeme unaopita. Ukinzani ni ule wembamba wa sindano unaozuia, nao hupimwa kwa omu. Kipimo hicho kimepewa jina la Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyeichapisha kanuni hii mwaka 1827.

Kanuni zenyewe ni hizi:

Volti gawanya kwa ampia = ukinzani (omu).
Volti zidisha kwa ampia = nguvu (wati).

Tuchukue pasi inayotumia ampia 5. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Basi 230 gawanya kwa 5 ni omu 46, na 230 zidisha kwa 5 ni wati 1,150. Ikiwa kibandiko cha chombo chako kinaonyesha wati tu, gawanya wati hizo kwa 230 upate ampia.

Uniti zinakwendaje?

Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Kwa hiyo pasi yetu ikiwaka saa nzima bila kukata hula uniti 1.15. Taa ya wati 10 ingehitaji kuwaka saa 115 ili ifikie hapo. Basi dada, usimgombeze mtoto anayesoma kwa taa usiku huku wewe unapiga pasi nguo moja moja kila asubuhi. Zipige zote siku moja.

Waya unapopata moto

Plagi nyingi za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi isiyozidi ampia 13. Ukichomeka kwenye ekstensheni moja pasi ya ampia 5 pamoja na jagi la kuchemshia maji la ampia 10, jumla ni ampia 15. Umeshapita kiwango. Fyuzi ikikatika hapo, imefanya kazi yake. Anayeweka kipande cha waya badala ya fyuzi ameondoa mlinzi mlangoni, na nyumba huweza kuungua watu wakiwa wamelala.

Wenye sola nao wapige hesabu. Betri yao ni ya volti 12. Televisheni ya wati 60 huvuta ampia 5 (60 gawanya kwa 12), sawa na ile pasi! Hivyo waya mwembamba haufai. Ukiwa na ukinzani wa omu 0.4 tu, volti 2 hupotea njiani (5 zidisha kwa 0.4). Ndiyo maana picha huzimika wakati betri bado ina nguvu.

Mwili nao una ukinzani

Ngozi kavu yaweza kuwa na ukinzani wa omu 100,000. Kwa volti 230 hupita ampia 0.0023, nawe utashtuka tu. Lakini ngozi iliyolowa yaweza kushuka hadi omu 1,000. Sasa gawanya: 230 kwa 1,000 ni ampia 0.23. Kumbukeni kwamba ampia 0.1 tu ikipita kifuani yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua.

Kwetu hapa Muze, bondeni, joto ni kali, jasho halikauki, na watoto hutembea peku kwenye sakafu iliyomwagiwa maji. Hivyo tuna kila sababu ya kujihadhari. Usishike swichi kwa mikono yenye maji. Usianike nguo kwenye waya wa umeme. Soketi iliyopasuka mwite fundi leo, usingoje mwisho wa mwezi. Mwombe pia afunge kifaa kinachokata umeme unapovuja ampia 0.03.

Mtu akinaswa, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu umtenge na waya kwa mti mkavu. Waya wa nguzoni ukianguka, msiukaribie kabisa. Watu wakae mbali na TANESCO waitwe. Kama hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Hata akiinuka na kusema hajambo, mpelekeni zahanati, kwani moyo huweza kusumbua baadaye.

Jioni ya leo, kabla hujachomeka kitu, geuza pasi yako usome kibandiko chake. Mpe mwanao kalamu na karatasi, apige hesabu nawe ukisikiliza.