Mwenye redio akae mbali, lakini mikrofoni ibaki hapa

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa muliokimbia vita, niwaulize: redio ikiwa ya tajiri wa mbali, saa ya hatari nani atawaonya?

Usiku wa tarehe 18 Januari 2002, treni ilianguka karibu na mji wa Minot, Marekani. Amonia ikamwagika, mtu 1 akafa, mamia wakaumia. Redio 6 za biashara pale zilikuwa mali ya kampuni moja, Clear Channel. Polisi walisema walipiga simu bila kujibiwa. Kampuni ikasema kosa ni la mitambo ya polisi. Wakaaji waliotaka kujua wakae ndani ao wakimbie, redio haikuwaambia.

Hapa kwetu Goma, usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Tulitaka kujua lava imefika wapi na barabara gani imekatika. Mtu aliye Kinshasa angejuaje?

Najua, mwenye pesa analipa mafuta ya jenereta na mishahara. Redio yetu ikikosa mafuta, nayo inanyamaza. Na mwandishi asiyelipwa ananunuliwa na mwanasiasa kwa bei ya chakula cha jioni.

Basi anunue antena anayetaka. Ila tumdai jambo moja: usiku na mchana awepo mtu wa hapa studioni, mwenye ruhusa ya kukatiza muziki bila kuomba. Mama aliyepoteza mtoto njiani akikimbia hawezi kungoja jibu la bosi.