Adabu ya Simu Haina Umri

KILA ifikapo Desemba, barabara zinazopanda kutoka Himo na Moshi kwenda Kilema hujaa magari ya wana wa mlimani wanaorudi nyumbani kuwaona wazazi. Na kila mwaka, mara baada ya salamu, lawama ni ile ile: vijana wameinamia simu, hawasikii wanaloambiwa, hawajui tena kukaa na watu. Hukumu hutolewa papo hapo kwamba kizazi hiki kimeharibika.

Hukumu hiyo ni ya haraka, tena ni ya upande mmoja.

Simu ya mkononi haikuletwa Kilema na vijana. Ilipoanza kuenea nchini baada ya mwaka 1994, waliotangulia kuimiliki ni watu wazima wenye uwezo. Wao ndio waliofundisha kuiweka mezani kama cheo, na kuipokea katikati ya kikao cha ukoo kwa sauti ya kuwanyamazisha wengine. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza mwaka 2008, wapo waliogundua kwamba mzazi anaweza kupelekewa fedha ya dawa na sukari bila kutembelewa. Mtoto aliyemwona baba yake akimtunza bibi kwa simu miaka kumi, anashangaliwa nini leo anapomsalimu bibi huyo macho yakiwa kwenye kioo? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hata hivyo, kosa la mkubwa halimtakasi mdogo. Vijana wanaodai kwamba huo ndio usasa wanajidanganya. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, katika mlima huo huo wanaouishi watu wa Kilema. Mawasiliano hayo yanaweza kumwokoa mpanda mlima aliyezidiwa na ugonjwa. Lakini hakuna mtambo uliopata kumwamuru mtu asiitikie salamu. Utovu wa adabu si maendeleo.

Wala jambo hili si la salamu tu. Mipaka ya vihamba vingi vya Uchagani imeshikwa na masale pamoja na kumbukumbu za wazee. Mzee anayejua sale lipi lilipandwa kwa mapatano yapi huwapata wajukuu wake siku chache tu kwa mwaka. Siku hizo zikiisha kila mmoja akitazama kioo chake, mzee atazikwa na habari zake, na ndugu watakutana baadaye mbele ya baraza la ardhi wakigombea hatua tatu za migomba.

Lililo baya zaidi ni la misiba. Desturi ilitaka habari ya kifo imfikie mama kwa vinywa vya wazee, akiwa ameketi na kuzungukwa na watu. Siku hizi picha ya ajali yaweza kumkuta shambani peke yake, kabla wazee hawajaondoka nyumbani kwao. Anayeirusha picha hiyo ili aonekane wa kwanza hatoi habari, bali anatenda ukatili. Na warushaji hao ni vijana na wazee vilevile.

Dawa si kuwanyang'anya vijana simu. Dawa ni kanuni moja kwa wote. Katika kikao cha ukoo simu zizimwe, ya mwenyekiti ikiwa ya kwanza. Kata ya mbege inapozunguka hakuna anayeinywa huku amewapa wenzake mgongo. Mazungumzo nayo yapewe heshima hiyo. Kijana akiwasha simu, aiwashe kurekodi maneno ya mzee anayetaja mipaka, kwa idhini ya mzee mwenyewe. Picha ya ajali au ya marehemu isirushwe na yeyote. Na mwenye uwezo aliyeko mjini atambue kwamba fedha aliyoituma haijamsalimu mama yake.

Ukoo utakaongoja vijana waanze kujirekebisha, huku wakubwa wakiendelea kupokea simu kikaoni, utangoja sana.